Kitanda cha Mwanagenzi Melini

Mhadhara juu ya malezi ya mafundi wa utafiti wa ziwa na bahari, uliotolewa Manyatta, Kisumu

 Mambo ya ziwa aghalabu huzungumzwa katika kumbi za ukingoni mwa maji, mbele ya wataalamu wanaoyajua tayari. Ilhali vijana watakaoyafanya mambo hayo kwa mikono yao, wengi wamezaliwa katika mitaa kama hii, Obunga, na Manyatta na Nyalenda ambako mto Auji hupita ukichukua taka zetu na kuzimimina katika ziwa lile lile tunalolizungumza. Ni haki basi mazungumzo yawafuate waliko.

Kusudi langu ni moja, nami nitalitaja mapema ili hata mwenye kuondoka kabla sijamaliza aondoke nalo. Nataka kuthibitisha kwamba kijana anayesomea ufundi wa utafiti wa majini hajakamilika, ajapokuwa na cheti mkononi, mpaka awe amelala melini, amefanya kazi melini usiku na mchana chini ya fundi mkongwe, na fundi huyo amemwandikia kwa saini yake kwamba mkono wake unaaminika. Na kwa kuwa jambo hilo haliwezi kuachiwa bahati, ni wajibu wetu sisi wa mwambao huu kuhakikisha kwamba kila chombo cha utafiti king'oapo nanga Kisumu kina kitanda kimoja, kwa uchache, kilichowekwa kwa ajili ya mwanagenzi.

Huenda yuko atakayeuliza moyoni mwake, bahari na Kisumu wapi na wapi? Namwomba akumbuke kwamba ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800, na Kenya nzima ina asilimia 6 tu ya eneo hilo. Kina chake hufikia kama mita 80. Mtu akiwa katikati yake haoni nchi kavu upande wowote. Na mawimbi yake yanazamisha vyombo na kuua watu. Kifaa kinachoshushwa majini kutoka RV Uvumbuzi, chombo cha taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, hapa Kisumu, ni ndugu wa kile kinachoshushwa kutoka RV Mtafiti kule Mombasa, meli ya mita 56 ambayo Ubelgiji ilitupatia na ambayo zamani iliitwa Zeeleeuw. Fundi aliyelelewa vema juu ya chombo kimoja hatakuwa mgeni juu ya kingine, na kwa sababu hiyo nitasema ziwa na bahari bila kutenga.

Hoja ya kwanza: ukweli wa maji hutegemea mkono wa fundi

Tusikiapo habari za utafiti, fikira zetu huenda kwa bwana au bibi mwenye shahada aandikaye ripoti na kuhojiwa na redio. Simpunguzii heshima yake. Lakini kila tarakimu iliyo katika ripoti ile ilitoka majini kwa mkono wa mtu ambaye jina lake aghalabu halimo: mtu aliyeendesha winchi, aliyefunga shekeli, aliyeosha chupa, aliyetazama saa na kuandika daftarini huku sitaha ikiinuka na kuinama. Mtu huyo akikosea, mwenye shahada atakuwa amesimamisha nyumba yake ya elimu juu ya tarakimu ya uongo, wala hatajua.

Nichukue mfano wa oksijeni, kwa kuwa nyinyi wenye vizimba vya samaki mnajua uchungu wa kuamka asubuhi na kukuta ngege wenu wameelea matumbo juu. Mhungari Lajos Winkler alitangaza mwaka 1888 njia ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini, na njia hiyo ingali ndiyo hakimu wa vipimo vya umeme vilivyokuja baadaye. Chupa ya kuchotea maji hushushwa kwa waya mpaka kina kinachotakiwa, ikiwa wazi ncha zote mbili. Kisha kipande cha chuma hutelezeshwa juu ya waya ule kikaenda kuifunga huko huko chini. Ikipandishwa, fundi huchomeka mpira mwembamba hadi kitako cha kichupa cha kioo, akayaacha maji yaingie polepole bila kuchafuka, yafurike, yafurike tena, ili yale ya mwanzo yaliyoguswa na hewa yote yaondoke. Papo hapo, palepale sitahani, hutia dawa mbili, moja ya manganizi na moja ya iodidi iliyochanganywa na magadi makali, akafunga kizibo bila kuacha hata kiputo. Maji yakiwa na uhai hufanya mashapo ya rangi ya kahawia. Yakiwa yamekufa mashapo hubaki meupe. Kiputo kimoja kikiingia kwa mkono uliotetemeka, maji yaliyokufa yataandikwa kuwa yana uhai, na mwenye kizimba ataambiwa kwamba mahali pale ni pema pa kufugia.

Tendo hilo, ndugu zangu, naweza kulifundisha darasani kwa saa moja, na kila mwanafunzi akalifanya vizuri, kwa sababu meza ya maabara haitikisiki. Kulifanya saa nane ya usiku, mvua ikipiga, mikono ikiwa na baridi, na chupa ya pili ikiwa tayari inapanda kutoka chini, ni elimu nyingine, nayo haina mahali pa kupatikana isipokuwa pale pale inapotendeka.

Mfano wa pili ni wa samaki wenyewe. Tangu mwaka 1999 nchi tatu za ziwa hili zimekuwa zikihesabu samaki kwa mwangwi: meli hupita ikituma sauti chini, sauti hurudi ikigonga samaki, na kwa nguvu ya mwangwi hukadiriwa wingi wa mbuta na omena waliomo. Makadirio hayo huingia katika shauri la serikali juu ya nyavu, juu ya leseni, na juu ya miezi ya kufungwa uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, miezi ambayo akina mama wengi mliomo humu huijua kwa njaa yake. Basi kabla ya safari, meli husimama mahali patulivu, na mafundi huning'iniza chini yake kitufe, yaani tufe dogo la chuma kigumu cha tangsteni, kikishikwa kwa kamba tatu nyembamba, kikaelekezwa katikati kabisa ya mwale wa sauti. Na kwa kuwa nguvu ya mwangwi wa kitufe kile inajulikana, mashine hurekebishwa ikubaliane nayo, mfano wa mkaguzi wa mizani anayeweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya muuzaji sokoni Jubilee kabla ya kuiruhusu ipime sukari ya watu. Shughuli hiyo yaweza kuchukua nusu siku. Hujaribu subira kuliko kitu chochote ninachokijua, maana mkondo mdogo tu hukisukuma kitufe pembeni na kazi huanza upya. Fundi asiye na subira atasema, inatosha. Na neno hilo moja, inatosha, laweza kufunga ziwa lisilostahili kufungwa, au kuliacha wazi lilipostahili kupumzishwa.

Hoja ya pili: tunayoyajua juu ya ziwa hili tumerithi kwa mafundi waliotutangulia

Sitasimulia tarikhi yote. Nitachagua visa vichache vinavyothibitisha hoja. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, meli ya William Mackinnon ilikuwa imekwisha kushushwa majini mwaka mmoja kabla, na katika zama zile zile Whitehouse, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alizunguka fukwe akipima kina kwa bildi ili manahodha wasipande miamba. Mwaka 1927 akaja Michael Graham kufanya uchunguzi wa kwanza wa uvuvi wa ziwa zima, naye akaumaliza mwaka 1928. Ndiye aliyempa ngege jina lake la kisayansi, ndiye aliyeshauri kwamba nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi 5, na ndiye aliyeonya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenziwe kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa. Onyo lake halikufuatwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 mbuta alitiwa ziwani, na yaliyofuata, neema yake na hasara yake, nyinyi mnayajua kuliko kitabu.

Lakini kisa ninachotaka mkitie moyoni ni hiki. Mwaka 1947 ilianzishwa huko Jinja taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa uvuvi, na katika miaka ya 1960 na 1961 mwanasayansi Talling alikuwa akitoka Jinja kwenda mahali pa maji ya kina, akarudi tena na tena mahali pale pale, akapima joto, oksijeni na mwani katika kila tabaka la maji kwa mzunguko wa mwaka. Wakati ule zilikuwa tarakimu za kawaida. Ziwa lilikuwa zima, na hakuna aliyezililia. Zikakaa. Miaka 30 ikapita, maji yakageuka kijani, gugu maji likatanda, samaki wadogo wa aina nyingi wakapotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hecky na wenzake wakaenda kupima tena. Waliposimamisha tarakimu mpya kando ya zile za Talling, ndipo ulimwengu ulipojua kwa yakini kwamba ziwa limebadilika: kwamba maji ya chini sasa hukosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi na kwa eneo kubwa zaidi, na kwamba mwani unazalishwa maradufu. Mvuvi mzee wa Dunga angeweza kusema hivyo kwa macho yake, na angekuwa mkweli. Lakini mahakama ya elimu hutaka shahidi aliyepima, na shahidi yule alikuwa amewekwa tayari na mikono iliyofanya kazi yake kwa uaminifu wakati ambapo hapakuwa na sababu ya dhahiri ya kuwa mwaminifu.

Vijana, hapo ndipo ulipo utukufu wa kazi hii, nami nasema neno utukufu kwa kulipima. Mnayoyaandika leo katika daftari lililolowa maji huenda yasisomwe na mtu mwenye haja nayo mpaka mwaka 2060, na mtu huyo hatakuwa na njia ya kuwauliza kama waya ulikuwa wima au ulikuwa umelala.

Na nimesema waya. Naomba nikae hapo kidogo. Palikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kimoja cha mkoa huu, aliyekuja melini kwa majuma machache. Siku hiyo upepo ulikuwa ukisukuma meli, na waya uliokuwa ukishuka ulikuwa umeinama kuelekea shetri. Fundi wa zamu akasoma saa ya winchi, mita 60, akatoa amri ya kufunga chupa. Binti yule akasema kwa adabu, mzee, waya umeinama kama digrii 30. Wakapiga hesabu. Waya wa mita 60 ulioinama digrii 30 haufikii kina cha mita 60. Hufikia mita 52 tu. Maji yale yangeandikwa kuwa ya kina ambacho hayakutoka. Tulipomwuliza amejifunza wapi kutazama waya badala ya saa, akasema serahangi alimwambia juzi yake, walipokuwa wakikunja kamba. Hesabu ile ya pembe alikuwa nayo tangu kidato cha tatu, na walimu wake wanastahili shukrani. Lakini jicho la kuiita hesabu ile ije wakati wake alilipata kwa serahangi, juu ya sitaha, katika kukunja kamba.

Hoja ya tatu: yako mambo ambayo darasa haliyawezi

Mimi ni mwalimu, na sitaki nifahamike kuwa nadharau ubao na chaki. Asiyejua kwa nini maji baridi hukaa chini na ya moto juu atakuwa kuli wa vifaa, hatakuwa fundi. Hata hivyo chuo chenye insafu hukiri mipaka yake.

Kwanza, mwili wenyewe hauna budi kufundishwa. Yuko kijana mwenye akili ya kupigiwa mfano ambaye saa mbili baada ya kutoka katika ghuba yetu hulala chini akitapika, asijue jina lake. Na yuko mwingine, mwenye alama za wastani, anayekula ugali wake na kuendelea na zamu. Tofauti hiyo haionekani katika mtihani. Aghalabu yule wa kwanza hupona siku ya tatu, akawa fundi hodari. Lakini ni bora siku hizo tatu zimpitie akiwa mwanagenzi, akiwa na mtu wa kumshika bega, kuliko zimpate siku ya kwanza ya ajira yake.

Pili, usalama. Waya wa winchi uliokazwa kisha ukakatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu. Mtu hasimami ndani ya duara la kamba, hapiti chini ya mzigo ulioning'inia, havui jaketi la kuokolea maisha kwa sababu ya joto, wala haweki mkono juu ya waya unaokimbia. Mambo haya yote yamo kitabuni, na kitabuni ni mambo manne ya kukariri. Melini huwa tabia ya mwili, kama vile mwendesha bodaboda wa Kondele asivyofikiri kabla ya kushika breki. Waliopotea majini katika ziwa hili tunawakumbuka kwa majina ya vyombo: MV Bukoba, Mei 1996, MV Nyerere, Septemba 2018. Vile vilikuwa vyombo vya abiria, na sababu za kuzama kwavyo zilikuwa nyingine, lakini maji yaliyowapokea watu wale ni haya haya.

Tatu, kutengeneza kilichoharibika bila duka. Gugu maji likiziba tundu linaloingiza maji ya kupoza injini, hakuna wa kumpigia simu. Pampu ikifa usiku, kamba ya kifaa ikikatika ndani, betri ikiingia maji, fundi hana budi kujua kipi kinafaa kufunguliwa na kipi kinafaa kuachwa mpaka bandarini. Na elimu hiyo ya kuachia ni ngumu kuliko ya kufungua.

Nne, kuishi na watu. Katika chombo kidogo nahodha, malimu, serahangi, mpishi, mwanasayansi na mwanagenzi hula chungu kimoja na kusikiana wakikoroma. Mwanasayansi hutaka vituo zaidi. Nahodha hutazama mbingu na kutaka kurudi. Fundi husimama katikati yao, akifasiri haja ya huyu kwa lugha ya yule, na asiyejua kusema na nahodha kwa heshima yake, na mwanasayansi kwa hoja zake, ataharibu safari ingawa mikono yake ni ya dhahabu.

Hoja ya nne: kazi zipo, nazo zinaongezeka

Juu ya hili sitakawia, maana wazazi wamekuwa wakinitazama kwa swali hilo tangu nilipoanza. KMFRI inahitaji mafundi Kisumu na Mombasa. Kiwanda cha meli cha hapa Kisumu, kilichounda MV Uhuru II kufuata ile MV Uhuru ya 1966, kinahitaji watu wanaojua vyombo vya kupimia na vya kuongozea meli. Wafugaji wa samaki wa vizimba wanahitaji wapimaji wa maji. Pwani, nyaya za mawasiliano zinazolala chini ya bahari, kama ile ya TEAMS iliyofika Mombasa mwaka 2009, hutaka wapimaji wa sakafu ya bahari, na bandari zote hutaka watu wa kupima kina cha njia za meli. Kijana mwenye daftari lililojaa saini za safari zake hatafuti kazi kwa unyonge.

Hoja ya tano: namna ya kulipanga jambo hili

Afisa wa meli za biashara hapewi cheti kwa kusoma peke yake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 juu ya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia humtaka mwanafunzi aliye katika mpango rasmi awe baharini muda usiopungua miezi 12, akiwa na daftari ambamo kila ustadi aliouonyesha hutiwa saini. Chuo cha Bandari kule Mombasa kinalijua sharti hilo. Fundi wa utafiti hana sharti kama hilo, na matokeo yake tunayaona: kijana hupewa miezi 3 ya mafunzo ya kazini, mnayoyaita atachi, akaimaliza ofisini akipanga majalada na kuchemsha chai, na chombo kikawa kinaondoka na kurudi akikitazama dirishani.

Wenzetu wa Marekani walilikabili jambo hili. Vyuo vikuu vyao vyenye meli za utafiti viliungana mwaka 1971 katika shirika la UNOLS ili meli zitumiwe kwa ratiba moja. Na baada ya kituo cha MATE, cha elimu ya ufundi wa bahari, kuanzishwa mwaka 1997 katika chuo cha Monterey Peninsula, California, wanafunzi wa vyuo vya kawaida, vyuo vya watoto wa wafanyakazi, walianza kupelekwa juu ya meli hizo kwa majuma au miezi, wakiwekwa chini ya fundi mmoja na kulipwa posho. Sisi hatuna meli nyingi namna ile. Lakini yapo mambo mawili yasiyohitaji wingi wa meli: ratiba inayojulikana mapema, na kitanda kilichotengwa.

Natamani niwe wazi kuhusu posho, kwa sababu hapa Manyatta ndipo inapouma. Uanagenzi usio na malipo humfikia kijana ambaye baba yake aweza kumlipia nauli, chakula, buti na jaketi. Mtoto wa mama auzaye omena kwa debe hataweza. Wala mama huyo hataweza kuikosa mikono ya mwanawe kwa miezi 3. Tukiweka kitanda bila posho tutakuwa tumekiweka kwa ajili ya watoto wa wenye nacho, huku tukijisifu kwamba mlango u wazi. Serikali ya kaunti hutoa ruzuku za masomo. Naiomba itenge sehemu ya ruzuku hizo iwe posho ya safari, na bima ilipwe kabla kijana hajakanyaga ubao wa kupandia.

Na wasichana. Nimesikia wazazi wakisema meli si mahali pa binti, na nimewasikia manahodha wakisema vyombo vyetu havina chumba cha pili. Wazazi nawajibu kwa kisa cha binti wa waya. Manahodha nawajibu kwamba pazia na kufuli ni vitu vya bei nafuu, na kwamba kanuni za adabu melini ziandikwe na kubandikwa ukutani, pamoja na jina la mtu wa nchi kavu ambaye mwanagenzi aweza kumpigia simu akidhulumiwa. Sharti hili lisipotimizwa, asipelekwe binti wala mvulana.

Yuko pia atakayesema kwamba chombo cha utafiti ni ghali, mafuta ni ghali, na mwanagenzi ni mzigo. Siku za mwanzo ni kweli, huchukua wakati wa wakubwa. Lakini fundi mkongwe atastaafu, na elimu yake haiko katika majalada. Iko katika vidole vyake na katika sikio lake linalotambua kwamba winchi inalia vibaya. Mwaka atakaoondoka bila kurithisha, tutanunua vifaa vipya na kuvikabidhi kwa mikono isiyovijua. Hesabu ya gharama isiyotia jambo hilo ndani yake ni pungufu.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba yaanze mwaka huu. KMFRI itangaze ratiba ya safari zake miezi 6 kabla, ili chuo kikuu cha Maseno, kile cha Jaramogi kule Bondo na Kisumu National Polytechnic vipange mitihani yao isigongane nayo. Vyuo hivyo vikubaliane juu ya daftari moja la ustadi, lenye mambo machache yanayopimika: kuchota maji ya kina, kupima oksijeni, kusoma pembe ya waya, kurekebisha kipima mwangwi, kufunga mzigo, kuzima moto, kumwopoa mtu aliyeanguka majini, na kila jambo litiwe saini na aliyeliona likitendeka. Viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, wamtafutie kila mwanagenzi mvuvi mmoja wa kutoka naye ziwani kabla ya safari ya meli, ajue mawimbi akiwa karibu nayo. Na wanagenzi wa Kisumu wapate, mwaka wa pili, nafasi ya kupanda Mtafiti huko Mombasa, wavione vifaa vile vile katika maji ya chumvi na ya kina kisicho na mfano ziwani, nao vijana wa Pwani waje huku.

Nyinyi vijana, mezani mlangoni pana karatasi zilizopigwa mistari. Kila anayetaka aandike jina lake, chuo chake na mwaka wa masomo, na katika safu ya mwisho aandike kama anajua kuogelea. Asiyejua aandike hivyo hivyo bila haya, kwa kuwa masomo ya kuogelea yatatangulia safari, na karatasi hizo zitapelekwa kwa wakuu wa vyuo waliomo humu, ambao wamekubali mbele yenu nyote kuzipokea. Mheshimiwa mwenyekiti, namaliza hapa, na niko tayari kwa maswali. Naomba ruhusa yako wavuvi waulize kwanza, kabla ya walimu.